Walinibadilishia alteneta nzima, kumbe ugonjwa uko kwenye swichi

Nilishajiambia nisiandike, lakini bili imefika na damu imechemka upya.

Ni hawa mafundi umeme wa ndege wanaokuja Kigoma kwa kuitwa. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Mimi narusha Cessna 206 ya miaka ya 1970, mfumo wa volti 14, safari nyingi ni Mahale, mara mojamoja Tabora. Ya zamani, ila inapiga kazi.

Tangu kiangazi mshale wa amita, kile kipimo cha chaji ya betri, ukaanza kuchezacheza. Si kwamba chaji haiingii, la. Unatikisika kushoto kulia, na taa za dashibodi zinafifia na kung'aa kuufuata. Siku moja tuko juu ya ziwa, taa nyekundu ikawaka, alteneta, yaani mtambo unaozalisha umeme, ikajitoa, tukabaki na betri. Injini haikuwa na habari, maana plagi zinapata moto wa magneto, kifaa kinachojizalishia umeme kikizungushwa na injini, betri haziijui. Redio ndizo zinazoijua. Nikazima kila kisicho cha lazima, nikabakiza redio moja ya kuongea na mnara, tukashuka salama. Abiria walikuwa wanapiga picha tu.

Fundi alipokuja nikamwambia kwa adabu: mkuu, kabla hujagusa alteneta, fuata waya wa fildi, ule unaoiamsha. Angalia sakiti breka, viunganishi, na hasa swichi kuu ile ya nusu mbili, moja ya betri na moja ya alteneta, vigusio vyake vinalika kwa umri. Regileta, kidhibiti cha chaji, inasoma volti kwenye njia hiyohiyo. Njia ikiwa na upinzani, inadhani volti zimeshuka, inasukuma, zikizidi inakata, inasukuma tena. Ndipo mshale unacheza.

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kapteni, wewe rusha. Umeme tuachie wenye leseni." Mbele ya vijana wa mizigo!

Haya. Akaleta regileta mpya, mshale ukacheza. Akaagiza alteneta, ikachukua wiki kadhaa, mimi nimekaa chini, wateja wangu wanapanda boti. Ikafungwa, mshale ukacheza vilevile. Eti sasa tutazame betri. Betri!

Aliyeniokoa ni dogo wake, msaidizi aliyekuja naye. Mkubwa kaenda Kibirizi kula migebuka, dogo akabaki na mita yake. Akawasha swichi, akagusisha ncha moja upande umeme unapoingilia, nyingine unapotokea. Swichi isiyo na ubovu ingesoma karibu sifuri. Hii ilikuwa inameza zaidi ya volti moja. Akaikandamiza kwa kidole gumba, namba ikashuka. Akaachia, ikapanda. Hakusema neno, akanigeuzia mita nione. Tulipoifungua, vigusio vyeusi tii, kimoja kimechimbika.

Swichi mpya ikafungwa, mkubwa akasaini kitabu cha matengenezo ya ndege, na tangu hapo mshale umetulia tuli. Haki yao niwape: waya wamezibana vizuri, hakuna unaoning'inia. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Hata nne, kwa ajili ya dogo.

Halafu ndiyo hii bili. Regileta imo. Alteneta imo. Saa za "uchunguzi" zimo, na sijui nani alichunguza nini. Swichi, iliyotibu ugonjwa, iko mstari wa chini kabisa na bei yake ndiyo ndogo kuliko zote. Nikapiga simu, nikajibiwa kwamba ile alteneta ya zamani ingekufa tu siku zijazo. Hata mimi nitakufa, mbona hamjanibadilisha?

Nyota moja.

Mtauliza, kwa hiyo tusiwaite? Sasa mtamwita nani huku? Au muirushe hadi Mwanza na umeme mbovu? Waiteni. Mwambieni aje na dogo, maana dogo peke yake bado hana leseni ya kusaini, na bei ya kila kipuri mkubaliane kabla hakijaagizwa. Nyota mbili basi, moja ni ya dogo, wasiiguse.

Na alteneta yangu niliyokuja nayo, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko kwao. Nikiiulizia, simu inaita mpaka inakata.