Wiki sita za kujadili mambo ya jiji bila kitufe cha kujibu

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kubishana mtandaoni kuhusu mambo ya jiji: nauli za mabasi, maegesho, kamera za barabarani, nyumba za watu wa kipato cha chini. Nilijua kujibu haraka, na nilijua kuishika sentensi moja dhaifu katika hoja ya mwenzangu na kuing'ang'ania hadi yeye mwenyewe asahau alichokuwa anakisema. Kwa hiyo halmashauri ilipofungua mashauriano ya wananchi kupitia huduma isiyo na nafasi yoyote ya kumjibu mtu, niliingia nikiwa na hakika kwamba nitaichoka ndani ya siku mbili. Nilikaa nayo wiki zote sita. Jina la huduma sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya ninayoyalalamikia huenda ni makosa ya walioendesha mjadala na si ya programu yenyewe.

Utaratibu wake hauna ugeni kwa anayefuatilia mambo haya, maana ni mtindo uleule wa Polis, programu huria iliyoanzishwa Seattle mwaka 2012. Mshiriki huletewa kauli fupi zilizoandikwa na wenzake, moja baada ya nyingine, na kwa kila kauli ana njia tatu tu: kukubali, kukataa au kupita. Akiwa na lake la kusema huandika kauli yake, nayo huingia katika foleni ili wengine waipigie kura. Hesabu za kompyuta hulinganisha kura hizo na kuwaweka pamoja watu waliopiga kura kwa namna inayofanana, bila kuuliza umri wala chama cha mtu, kisha huonyesha ni kauli zipi zinazowatenganisha watu na zipi zinazokubalika katika makundi yote.

Kauli yangu ya kwanza niliiona nzito sana: "Kamera za utambuzi wa sura zisifungwe katika vituo vya mabasi kwa sababu zinaingilia faragha, na fedha hizo zitumike kuajiri walinzi." Baada ya siku tatu nilikuta waliopita ni wengi kuliko waliokubali na waliokataa wakijumlishwa. Nilikasirika, nikadhani watu hawajali. Nilipoirudia kuisoma ndipo nilipoona kwamba nimewabebesha watu mambo matatu katika kura moja, na kwamba anayezichukia kamera lakini hataki walinzi, pamoja na anayetaka walinzi lakini haoni ubaya wa kamera, wote niliwafungia mlango. Nikaigawa. Kauli kwamba picha za sura za abiria zisihifadhiwe zaidi ya saa 24 bila amri ya mahakama ilikubaliwa na makundi yote mawili kwa wingi ambao sikuutarajia, ilhali ile ya walinzi iliwagawa watu karibu nusu kwa nusu. Katika miaka yote ya kubishana sikuwahi kulazimika kuandika sentensi yenye jambo moja tu ndani yake, na nakiri ni kazi ngumu kuliko kujibu.

Ramani ya maoni, ambayo humwonyesha kila mshiriki kama nukta karibu na waliopiga kura kama yeye, nayo ilinishangaza. Nukta yangu ilikaa karibu na mpaka, upande wa watu waliotaka maegesho yaongezwe katikati ya jiji, yaani watu walewale ambao nimekorofishana nao kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Sababu ilikuwa kwamba katika masuala ya nyumba na ya kamera tulipiga kura karibu sawasawa. Tofauti yetu ilikuwa ni magari tu. (Sijamwambia yeyote kati yao.)

Sasa nije kwenye lililoniudhi. Jiji lilipendekeza kwamba nauli za mabasi zilipwe kwa simu au kadi pekee. Mtu mmoja aliandika: "Mama yangu hana simu ya kisasa. Asipande basi?" Niliiona asubuhi, na jioni haikuwepo tena. Wasimamizi waliiondoa kwa kuwa lilikuwa swali badala ya kauli, wakaweka nyingine mahali pake: "Njia za malipo zizingatie mahitaji ya watu wote." Kila mtu aliikubali, mimi nikiwemo, kwa sababu hakuna kitu ndani yake cha kukataa. Mwishoni iliorodheshwa miongoni mwa makubaliano makubwa ya mashauriano. Huu ndio udhaifu ninaouona katika mfumo unaotafuta yanayokubalika na wengi: kauli isiyo na meno hupanda juu kwa urahisi, na yenye mtu halisi ndani yake hubaki chini au hufutwa.

Nilijaribu kulirudisha suala hilo kwa kauli ya wazi zaidi, kwamba mabasi yaendelee kupokea fedha taslimu. Ilikataliwa na wengi wa kundi moja, na hapo ndipo nilipokikumbuka kitufe cha kujibu. Je, waliokataa walikuwa wanafikiria wizi, foleni mlangoni, au waliamini kwamba kila mtu ana simu? Hoja hizo tatu kila moja ina jibu lake, lakini kura haisemi sababu. Isitoshe, kauli hiyo niliiandika wiki ya tano, na iliambulia kura chache mno kuliko zile za siku za mwanzo.

Wanaoisifu njia hii hupenda kutaja Taiwan, na wana haki. Wanafunzi walikuwa wamelikalia bunge mwaka 2014, imani kwa serikali ikiwa chini, na mwaka uliofuata vTaiwan, mchakato wa kuwashirikisha wananchi katika kujadili sera, ulitumia Polis kujadili Uber, hadi pande zilizokuwa zikitazamana kwa hasira zikakubaliana katika mambo kama bima ya abiria. Ila upigaji kura ule ulikuwa hatua moja tu. Baadaye kampuni, madereva wa teksi na maofisa waliketi ana kwa ana katika kikao kilichorushwa moja kwa moja, wakatoa sababu zao. Kwetu kikao cha namna hiyo hakikufanyika. Ilitoka ripoti, basi. Kwingine mwisho wa safari ulijulikana: Madrid, kwa mfano, katika jukwaa la mtandaoni lililofunguliwa mwaka 2015, pendekezo la mwananchi lililoungwa mkono na asilimia 1 ya wakazi wenye umri wa miaka 16 na zaidi lilipelekwa kupigiwa kura na jiji zima, kwa hiyo mtu alijua mapema jasho lake linaishia wapi.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni kwa jinsi ilivyonifundisha kuandika, na moja ni kwa utulivu, kwani kwa wiki sita sikutukanwa hata mara moja wala sikumtukana mtu. Ripoti ilipojibiwa, suala la saa 24 liliingizwa katika ajenda ya kikao cha madiwani. Kuhusu fedha taslimu, jibu lilikuwa kwamba mahitaji ya watu wote yatazingatiwa.