Picha za mitindo Kisumu: studio au ufuoni Dunga?

Wabunifu wa mavazi huniuliza swali hili kila mara. Kwa gharama, Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, ni nafuu: nauli ya bodaboda na mahali pa kubadilishia nguo, basi. Studio hulipiwa kwa saa, na kila dakika ya kurekebisha kilemba inakula pesa.

Mwanga ndio kiini. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mchana jua likiwa utosini macho ya mwanamitindo huzama kivulini. Mwanga mtamu huja baada ya saa kumi na moja jioni, na hauchelewi kwisha. Ndani ya muda huo mfupi, kitenge cha soko la Kibuye hutoa rangi ambazo taa za studio hazijawahi kunipa. Lakini upepo wa ziwa huvuruga nywele, na mvua ya alasiri haibishi hodi. Studioni hofu ni umeme kukatika tu. Taa za betri husaidia.

Vifaa? Mchanga na lenzi havipatani.

Nguo nyingi za katalogi, zinazotakiwa kulingana rangi, zipeleke studio. Mkusanyiko wako wa kwanza wa mavazi, unaotaka uonyeshe ulikotoka, upeleke Dunga. Ukitaka kumkalisha mwanamitindo kwenye mashua, mwombe mwenye mashua kwanza, na umlipe.