Duolingo English Test ukiwa Lubumbashi: mtihani ni wa bei nafuu, chumba ndicho ghali

Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi akiomba nafasi katika chuo kikuu cha Afrika Kusini, Kanada au Marekani, ofisi ya udahili itamdai cheti cha Kiingereza mapema sana. Mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL inavuka dola 200. Duolingo English Test, ambayo wengi huiita DET, kwa miaka mingi ilikuwa dola 49, ikapanda polepole, na sasa weka dola 70 mfukoni. Unaufanyia nyumbani, unachukua kama saa moja, majibu hutoka ndani ya siku mbili, na unaweza kutuma alama kwenye vyuo vingi unavyotaka bila kuongeza hata faranga moja.

Kama mtihani, tunaupa nyota nne kati ya tano. Lakini anayeununua hapa mjini anapaswa kuelewa kwamba zile dola 70 ni za maswali tu. Saa moja ya umeme, ya kimya na ya mtandao usiokatika inabidi aitafute mwenyewe, na mara nyingi hapo ndipo watu wanapoanguka, si kwenye Kiingereza.

Tuanze na malipo. Tovuti inataka kadi ya Visa au Mastercard. Kutuma kwa M-Pesa au Airtel Money moja kwa moja haiwezekani. Kadi ya Visa ya kulipia kabla (prepaid) kutoka benki ya mjini inatosha, ila hakikisha benki imeifungulia malipo ya intaneti na kwamba namba ya simu inayopokea msimbo wa uthibitisho kwa SMS ni yako na inafanya kazi. Weka dola chache juu ya bei, kwa sababu benki hukata gharama zake na kadi iliyojaa sawasawa na bei hukataliwa. Usilipe mapema kwa kujipa moyo: malipo yana muda wa kutumiwa, na muda ukipita pesa imekwenda. Mtihani wa mazoezi ni bure, unarudia utakavyo. Lipa pale alama za mazoezi zimeanza kutulia mahali pamoja.

Vijana wengi hupitia ajansi. Kumlipa mtu akukopeshe kadi yake si kosa, lakini akaunti ifungue mwenyewe, kwa barua pepe yako, na nywila yako. Akaunti ikifunguliwa kwa barua pepe ya ajansi, majibu yanaenda kwao, na utayasubiri kwenye benchi lao mpaka ulipe kitu kingine. Wale wanaoahidi kukufanyia mtihani, usiwasogelee kabisa. Kamera inarekodi uso tangu mwanzo hadi mwisho, inalinganishwa na picha ya paspoti, na akaunti iliyokamatwa kwa udanganyifu inaweza kufungiwa moja kwa moja.

Kitambulisho ni jambo linalowapotezea Wakongomani muda kwa sababu ya mfumo wetu wa majina matatu. Tumia paspoti, kadi ya mpiga kura itakuletea maswali, na paspoti utaihitaji kwa viza hata hivyo. Fomu ina nafasi mbili tu: jina la ukoo na jina la kupewa. Postnomu, lile jina letu linalofuata la ukoo, iende wapi? Usibahatishe. Fungua ukurasa wenye picha, tazama mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Mstari wa juu unaanza na P, kisha COD. Kila kilicho kati ya COD na alama mbili za << ni jina la ukoo kwa macho ya mashine; kinachofuata baada ya << ni majina ya kupewa. Nakili hivyo hivyo kwenye DET, na hivyo hivyo kwenye maombi ya chuo. Chuo kikipokea cheti cha jina lililopangwa tofauti na lile la fomu yake, faili inakaa pembeni hadi mtu apate nafasi ya kuuliza, na mtu huyo hana haraka.

Sasa chumba. Sheria ni fupi na kali: uwe peke yako, mlango umefungwa, mwanga wa kutosha usoni, masikio yaonekane, bila hedfoni za kichwani wala za masikioni, macho kwenye skrini, hakuna sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo saiba haifai hata kama ina mtandao bora katika komini nzima, maana kuna watu nyuma yako. Sebule ya nyumba yenye watoto haifai pia. Mtoto akifungua mlango kuomba chaja, mtihani unaweza kukataliwa ingawa hukumjibu. Hata kutazama dari unapofikiri, tabia ya watu wengi, huonekana kama unasoma kitu ukutani. Jizoeze kufikiri ukiwa umetazama skrini.

Kelele za hapa zina ratiba zake. Katika komini za Katuba, Kenya na Kamalondo, jioni muziki wa baa na maombi ya usiku vinashindana. Asubuhi ya siku ya kazi, kati ya saa tatu na saa tano, ndio wakati mtulivu zaidi katika kata nyingi. Kuanzia Novemba hadi Machi kuna adui mwingine, mvua juu ya bati. Maikrofoni ya kompyuta haichagui: inachukua mvua kwa nguvu kuliko sauti yako, na sehemu ya kuzungumza inapimwa kwa kile kilichorekodiwa. Mvua zetu hupenda mchana na jioni, sababu nyingine ya kuchagua asubuhi. Msimu wa ukavu, kuanzia Juni, ni rahisi zaidi kwa jambo hili.

Nyumba ikishindikana, chumba cha hoteli ya kawaida yenye jenereta ni pesa iliyotumika vizuri. Omba chumba kilicho mbali na jenereta lenyewe, na kilicho mbali na mapokezi. Ingia saa moja kabla, ondoa picha na karatasi ukutani mbele yako, hamisha taa ikuangaze usoni na si mgongoni, kisha mwambie mhudumu asigonge.

Umeme usiutegemee. Kila mtu anajua shirika la umeme, SNEL, linavyokata, na laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ilijengwa kwa ajili ya migodi, si kwa ajili ya mtihani wa mtoto wa Ruashi. Kanuni yetu ni kwamba kompyuta iwe na batri inayokaa saa mbili ikiwa na kamera imewashwa. Ijaribu hasa hivyo, kamera imewashwa na mwanga wa skrini juu, kwa sababu batri inayosema saa tatu kwenye filamu inaweza kuishia saa moja na nusu kwenye kamera. Kompyuta ya mezani iko salama tu ikiwa kuna inverta nzuri. Jenereta inayochelewa sekunde kumi kuwaka imekwisha kuzima mashine.

Mtandao: wanaomba angalau megabiti 2 kwa sekunde za kupakua na 1 ya kupandisha. Hiyo ya kupandisha ndiyo inayosumbua, maana video yako inakwenda juu muda wote, na watu hupima kupakua tu. Hesabu ni rahisi. Megabiti 1 kwa sekunde kwa saa nzima ni kama mega 450. Ongeza upakuaji na programu ya mtihani unayosakinisha kwenye kompyuta, weka giga 3 na ulale. Pakua programu hiyo siku moja kabla. Zima masasisho ya Windows kwa kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu ni wa kulipia kwa kipimo, la sivyo yataanza kujishusha katikati ya swali la kusikiliza.

Ukitumia simu kama modemu, weka laini ambayo hakuna anayeijua namba yake. Simu ikiita, kwenye simu nyingi mtandao hushuka kutoka 4G au husimama kabisa hadi uikate, na sekunde hizo zinatosha. Siku hizi pia mtihani unaweza kukudai simu kama kamera ya pili inayokutazama kutoka pembeni. Basi simu hiyo hiyo isiwe ndiyo inayogawa mtandao: azima ya pili, au tumia modemu ndogo yenye batri yake. Pima Airtel, Orange na Vodacom palepale kwenye kiti utakachokalia, saa ile ile utakayofanyia. Laini inayokimbia mjini kati inaweza kulala kabisa ukifika Kampemba.

Kwenye maswali yenyewe, kwa mtu wa Kifaransa, kuna mitego miwili mikubwa. Wa kwanza ni klavye. Kompyuta nyingi za hapa ni AZERTY, yaani mpangilio wa herufi wa Kifaransa, na mtihani una kuandika kwingi kunakohesabiwa muda. Kama umejifunza kwenye AZERTY, fanya kwenye AZERTY, na hakikisha mpangilio wa lugha ndani ya Windows unalingana na vibonye. Ukibadilishwa kuwa wa Kiingereza, A na Q zimebadilishana, Z na W vilevile, na M imehama. Hakuna Kiingereza kitakachokuokoa. Zima pia programu zote zinazokukamilishia maneno au kusahihisha sarufi, hata zile zilizojificha kwenye kivinjari. Kuziacha ni kuvunja sheria.

Mtego wa pili ni tahajia. Kuna sehemu ya aya fupi ambayo maneno yake yamekatwa nusu, na wewe unajaza herufi zilizobaki ndani ya dakika tatu. Kichwa kilicholelewa na Kifaransa kitaandika responsable, exemple, appartement, adresse, na kila kimoja kinahesabiwa kosa. Andika orodha yako ya maneno 100 ya aina hiyo kisha yafanyie imla kila siku. Katika sehemu ya kusikiliza na kuandika sentensi, unaruhusiwa kusikia mara tatu kwa dakika moja: mara ya kwanza shika maana, ya pili andika, ya tatu kagua viambishi vya mwisho, s na ed, ambavyo sikio la Kifaransa halivisikii kwa sababu limezoea herufi za mwisho zisizotamkwa.

Kwenye picha ya kuzungumzia una sekunde 90, na kitufe cha kuendelea kinafunguka baada ya 30. Wengi hukimbilia kitufe. Kaa mpaka mwisho: sema unachokiona, kisha kinachotokea, kisha unachodhani kilitangulia. Sampuli ya kuandika ni dakika tano. Kwa mkono unaoandika maneno 25 kwa dakika, ukiacha nusu dakika ya kufikiri na nusu ya kukagua, ni maneno 100, na hayo yanatosha yakiwa safi. Ukishapita swali hakuna kurudi nyuma. Mtihani pia hubadilika kadiri unavyojibu, kwa hiyo maswali yakizidi ugumu usiogope, huenda ni dalili nzuri.

Alama ni kati ya 10 na 160, kwa hatua za tano. Vyuo vingi vinaomba kitu kati ya 105 na 125 kwa shahada ya kwanza, na vingine vinaweka kiwango cha chini kwa kila ujuzi peke yake, jambo ambalo watu hawalisomi mpaka wakataliwe. Ulizia pia viza, maana chuo na ubalozi si mlango mmoja. Uingereza kwa sasa haiuhesabu DET kati ya mitihani yake rasmi ya viza; chuo kikuu kinaweza kujipimia Kiingereza cha mwanafunzi wa shahada, lakini kozi iliyo chini ya shahada itakudai mtihani wa orodha yao. Kwa usajili wa wauguzi huko huko, wanataka IELTS au OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. Anayelenga njia hizo asipoteze hizi dola 70.

Nyota tuliyoiondoa ni kwa sababu nyingine. Mtihani wa saa moja wenye vipande vya dakika moja moja hauonyeshi kama utaweza kufuata mhadhiri wa Cape Town kwa dakika 50 huku ukiandika, wala kuandika insha ya kurasa sita yenye marejeo. Mtu mwenye 115 anaweza kupotea kabisa wiki za kwanza. Muda kati ya majibu na safari utumie kusikiliza mihadhara mizima ya fani yako kwenye intaneti, bila maandishi ya chini, na kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila mmoja. Mwenye kwenda uhandisi ajifunze msamiati wa hesabu kwa Kiingereza kabla ya kuondoka. Huko hawatasimama kumweleza.

Majibu yakikataliwa, soma sababu waliyoandika. Tatizo la kiufundi au kosa dogo mara nyingi hukupa nafasi ya kurudia bila kulipa. Kosa zito hula ada yote. Cheti kinaishi miaka miwili, kwa hiyo anayemaliza Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, mwaka huu na kuomba chuo mwaka ujao anaweza kufanya sasa bila hofu. Wakati wa kutuma, usipakie PDF kwenye barua pepe: chuo kinaipokea kutoka ndani ya akaunti yako ya DET, ukitafuta jina lake kwenye orodha. Angalia mji na kitivo kabla ya kubonyeza, maana vyuo vyenye majina yanayofanana ni vingi, na shahada ya kwanza na ya uzamili mara nyingi zina anwani mbili tofauti.