Huduma ya kuwapasha wazazi habari za sekondari: ujumbe mfupi wa simu ndio unaoibeba

Shule ya sekondari wanakosoma watoto wangu imejenga huduma ya kuwapasha wazazi habari ambayo sasa imekomaa vya kutosha kuhakikiwa. Ina sehemu nne: ujumbe mfupi wa simu, jarida linalotoka kila mwisho wa wiki, tovuti ambayo mzazi huingia kwa neno la siri, na kundi la WhatsApp la kila darasa. Shule yenyewe sitaitaja, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanawahusu pia wazazi na walimu wa kwingineko ambako mifumo ya namna hii inanunuliwa au inabuniwa. Nimeipima kwa swali moja tu: nikishapokea taarifa, je, ninajua jambo fulani kuhusu mwanangu ambalo bado ninaweza kulifanyia kazi? Taarifa inayofika mambo yakiwa yameshaharibika inafaa kuwekwa kwenye faili, lakini haimsaidii mtoto.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika sekondari. Katika shule ya msingi, mara nyingi mtoto hukaa na mwalimu mmoja au wawili kwa sehemu kubwa ya siku, na mwalimu huyo akiulizwa anaweza kumweleza mtoto mzimamzima: masomo yake, marafiki zake, hata siku alizokuja amenuna. Sekondari mwanafunzi hupita mikononi mwa walimu wengi, kila mmoja akimwona kwa vipindi vichache kwa wiki, hivyo anayeporomoka kidogo kidogo katika masomo matatu kwa mpigo anaweza asigunduliwe na yeyote, maana kila mwalimu anakiona kipande chake. Wakati huohuo kijana mwenyewe anaingia katika umri wa kutosimulia. Ukimuuliza habari za shule atakujibu kwamba ni nzuri, na hatakuwa amedanganya. Haoni tu sababu ya kuendelea. Ripoti ya mwisho wa muhula ndiyo iliyokuwa ikitegemewa kuziba pengo hilo, ilhali hufika mtihani ukiwa umeshafanywa na kusahihishwa.

Ujumbe mfupi wa simu ndio sehemu ninayoisifu bila kusita. Mmoja niliouhifadhi unasomeka hivi: «Kemia: ripoti ya jaribio la asidi na besi haijakusanywa. Itapokelewa hadi Ijumaa saa 8 mchana. Mwanafunzi amejulishwa. Mwl. wa Kemia.» Hakuna neno la kupunguza hapo. Somo limetajwa, kazi imetajwa, siku ya mwisho imetajwa, na aliyeandika anajulikana. Jioni ile sikulazimika kuanza kwa kumhoji mtoto kana kwamba ni mshitakiwa. Nilimuuliza ripoti ya kemia imefikia wapi, akaitoa kwenye daftari ikiwa imeandikwa nusu, tukaona kwamba kilichomkwamisha ni jedwali la matokeo. Linganisha na aina ya ujumbe ambao wazazi wengi wameuzoea: «Mzazi, mwanao anazembea masomo, unaombwa kufika shuleni.» Huu wa pili unatia hofu na aibu, unamgharimu mzazi siku ya kazi, na bado haumwambii ni somo gani, kazi ipi, wala afanye nini kabla ya kufika.

Faida ya ujumbe wa namna ya kwanza imeshachunguzwa. Peter Bergman na Eric Chan walifanya utafiti katika shule 22 za ngazi ya kati na ya sekondari katika jimbo la West Virginia, Marekani, ambako mfumo wa kompyuta uliwatumia wazazi ujumbe wa simu kuhusu kazi ambazo mtoto hakukusanya, alama zake na vipindi alivyokosa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kufeli masomo kulipungua kwa asilimia 28, na mahudhurio darasani yakaongezeka kwa asilimia 12. Alama za mitihani ya jimbo hazikubadilika, na ni haki kulisema hilo, kwa sababu wapo wauzaji wa mifumo hii wanaoahidi miujiza. Ujumbe humrudisha mtoto darasani na humkumbusha kazi yake. Kufundisha kunabaki kuwa kazi ya mwalimu.

Kwa upande wa mahudhurio, mfumo wa shule yetu hutuma taarifa mara tu orodha ya kipindi cha kwanza inapofungwa. Mwanzoni ujumbe huo uliandikwa kwamba mwanafunzi «ametoroka», neno zito ambalo wakati mwingine lilimwangukia mtoto aliyekuwa chumba cha wagonjwa au aliyetumwa na mwalimu mwingine. Wazazi walilalamika, na shule ikabadilisha maneno yakawa «hakuonekana wakati wa orodha ya kipindi cha kwanza, tafadhali tujulishe ikiwa una taarifa». Ni badiliko la sentensi moja, lakini limeondoa ugomvi mwingi nyumbani, kwa sababu sasa shule inasema inachokijua na kuishia hapo. Natamani kila anayeandika ujumbe wa kutumwa na mashine angeusoma kwanza akiwa amejiweka mahali pa mzazi aliye kazini, asiyeweza kutoka, ambaye ameambiwa mwanawe hayupo.

Liko pia jambo dogo la kiufundi ambalo ofisi za shule zingefaa kulijua. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160 zikiwa za kawaida, lakini ikiingia alama hata moja isiyokuwamo katika orodha ya msingi ya herufi za simu, nafasi hupungua hadi herufi 70. Ritifaa iliyopinda (’), ile ambayo programu ya kuandikia huiweka yenyewe katika maneno kama ng’amua au ng’ambo, ni mojawapo ya alama hizo. Karani akinakili tangazo kutoka kwenye waraka na kulituma kama lilivyo, ujumbe mmoja hugeuka kuwa miwili au mitatu na shule hulipia yote. Ritifaa iliyonyooka (') haina tatizo hilo.

Narudi kwenye maneno yale mawili, «mwanafunzi amejulishwa», kwa maana ndiyo yaliyonifanya niiheshimu huduma hii. Kanuni ya shule ni kwamba taarifa ya kazi isiyokusanywa haiendi kwa mzazi kabla mwanafunzi mwenyewe hajaambiwa na kupewa nafasi ya kueleza. Kijana wa miaka 15 anayegundua kwamba nyuma yake kuna mkondo wa habari asiouona hujifunza kuficha, na mzazi anayejua kila kitu kabla ya mwanawe kufungua mdomo humnyima mtoto nafasi ya kusema ukweli kwa hiari yake. Hapa kijana anafika nyumbani akijua kwamba mzazi atapata ujumbe, na mara nyingi huanza yeye kueleza. Nimeona mazungumzo yetu yakibadilika kwa sababu hiyo, nami sidhani kwamba mfumo wowote unaompa mzazi macho ya kumchungulia mtoto saa zote ungeweza kuleta matokeo hayo.

Kasoro ya sehemu hii ni kwamba karibu kila ujumbe ni wa jambo lililoharibika. Zipo wiki ambazo mwanangu mdogo alijitahidi mno katika somo linalomsumbua, na simu ikakaa kimya kwa sababu hakukuwa na cha kushitaki. Walimu wanaweza kudhani kwamba dawa yake ni kutuma pongezi, na pongezi ni njema, lakini utafiti wa Matthew Kraft na Todd Rogers unaonyesha njia yenye nguvu zaidi. Katika programu ya likizo ya wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo huko Marekani, walimu waliwaandikia wazazi sentensi moja kwa wiki kuhusu mtoto wao, na idadi ya walioshindwa kulikamilisha somo ikashuka kutoka asilimia 15.8 hadi asilimia 9.3. Sentensi zilizosema mtoto anahitaji kuboresha nini zilizaa matunda zaidi kuliko zilizomsifu tu. Sentensi kama «Ameelewa hatua za mlinganyo, sasa afanye mazoezi ya kubadilisha alama anapohamisha namba» inampa mzazi cha kushika, hata mzazi ambaye hesabu alizisahau zamani. Shule yetu ingeongeza hilo, japo kwa mwanafunzi mmoja mmoja kwa zamu, huduma ingepanda daraja.

Jarida la wiki lina kurasa mbili, na ninalisoma lote. Thamani yake ni kwamba linanipa maswali. Badala ya kumuuliza mtoto kuhusu shule kwa ujumla, ninamuuliza mdahalo wa Jumatano uliishaje, au nani alichaguliwa kuongoza klabu ya mazingira. Jedwali la mitihani na majaribio ya wiki mbili zijazo liko ukurasa wa kwanza, mahali panapostahili. Jaribio lililofanywa katika shule 36 za sekondari nchini Uingereza, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, liliwatumia wazazi ujumbe kuhusu majaribio yanayokuja pamoja na kazi zilizocheleweshwa, na wanafunzi wakapiga hatua katika hisabati iliyokadiriwa kuwa sawa na mwezi mmoja wa masomo. Kwa gharama ndogo kiasi hicho, hatua hiyo inastahili kutafutwa. Ninachopendekeza kwa wahariri wa jarida ni kupunguza picha za wageni rasmi na kuongeza maandishi ya wanafunzi. Insha fupi ya msichana wa mwaka wa pili kuhusu siku yake ya kwanza maabara ilinieleza maisha ya shule ile kuliko hotuba zote zilizowahi kuchapishwa humo.

Kuhusu tovuti sina mengi. Inafunguka kwa shida kwenye simu ndogo, alama huwekwa zikiwa zimechelewa, na namba 54 iliyosimama peke yake haisemi iwapo mtihani ulikuwa mgumu kwa darasa zima au mtoto wangu peke yake ndiye aliyepotea. Shule ambazo tayari zinatumia Google Classroom zinaweza kuwaandikisha walezi wapokee muhtasari kwa baruapepe kila siku au kila wiki, ukionyesha kazi zilizokosekana na zinazokuja, na kwa mzazi mwenye baruapepe hilo lingetosha kabisa.

Kundi la WhatsApp ndilo lililonisumbua zaidi. Tangazo la mabadiliko ya ratiba lilikuwa likizikwa asubuhi ileile chini ya salamu, pole, matangazo ya biashara na video zisizohusiana na shule, na mzazi aliyeshinda kazini alilikuta jioni likiwa halina maana tena. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni orodha ya wanafunzi wenye kazi pungufu iliyowekwa hapo siku moja, majina yote wazi, mbele ya wazazi wa darasa zima. Aliyeiweka alikusudia kuokoa muda. Kesho yake watoto wenyewe walikuwa wanataniana kwa orodha hiyo, kwa sababu taarifa za kundi la wazazi haziishii kwa wazazi. Katika kundi la kawaida kila mwanakundi anaona pia namba ya simu ya mwenzake, jambo ambalo mzazi mwenye sababu za kujilinda hapaswi kulazimishwa kulikubali ili tu apate habari za shule.

Baadaye shule ililifunga kundi ili wasimamizi pekee waweze kuandika, uwezo ambao WhatsApp imeutoa tangu mwaka 2018, na ikatamka kwamba humo litawekwa lile tu linalohusu darasa zima. Tangu hapo ninalifungua bila kinyongo. Wazazi wanaotaka kuzungumza wamejiundia kundi lao, na mwalimu wa darasa hayumo, hivyo anapumzika usiku kama mtu mwingine yeyote.

Yapo mambo ambayo hakuna sehemu yoyote kati ya hizi inayoyafaa, na shule imelielewa hilo. Mtoto akionewa na wenzake, akiumia, au mwalimu akiona dalili za huzuni isiyo ya kawaida, mwalimu wa darasa hupiga simu kwa sauti yake. Wazazi wasiosoma kwa urahisi nao wamepewa nafasi ya kuchagua kupigiwa, na wazazi wasioishi pamoja huandikisha namba zote mbili ili mmoja asitegemee huruma ya mwingine. Haya yote yamo katika fomu moja ya mwanzo wa mwaka, nami ningeishauri shule yoyote kuanza na fomu hiyo kabla ya kununua programu.

Upungufu mkubwa uliobaki ni kwamba ujumbe wa simu haujibiki. Ukiuandikia jibu, haliendi kokote. Unatakiwa upige simu ofisini saa za kazi, saa ambazo mzazi mwingi naye yuko kazini. Nikipata taarifa kwamba mwanangu hakuonekana kipindi cha kwanza, nami ninajua yuko hospitali, ninapaswa kuweza kusema hivyo kwa maneno mawili na mwalimu akayaona siku hiyohiyo. Bila njia hiyo shule inanipasha habari lakini yenyewe hainisikii, na mwalimu anaendelea kumfundisha mtoto ambaye nusu ya mambo yake haijui. Kamati ya wazazi imeshapeleka ombi la namba ya kupokea majibu, ikiambatana na pendekezo kwamba majibu yasomwe na karani wa mahudhurio kila siku kabla ya kipindi cha tatu, walimu wasiongezewe mzigo. Namba hiyo ikianza kufanya kazi, nitaipa huduma hii nyota tano. Kwa sasa ninaipa nne, na zote nne ni za ujumbe mfupi, jarida na simu ya mwalimu wa darasa.