Walimu wa kujitolea kutoka nje katika shule za Dodoma: muhula mmoja sawa, wiki mbili usipokee

Mkuu wa shule, ukipigiwa simu na wakala anayetaka kukuletea kijana wa Uingereza au Marekani aje kufundisha Kiingereza bure, swali lako la kwanza liwe: anakaa muda gani? Akijibu wiki mbili au tatu, mshukuru, kisha mwambie kijana anakaribishwa kuitembelea shule. Wiki ya kwanza huishia kwenye kuzoea mazingira. Ya pili watoto ndio kwanza wanaanza kuizoea lafudhi yake, naye anaaga. Mwalimu wa somo anabaki na azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha, lililochelewa.

Anayekaa muhula mzima ni habari nyingine. Kwa shule za kata za Jiji la Dodoma, na za Bahi na Chamwino zilizo karibu, tunampa alama saba kwa kumi, ila kwa masharti.

Kubwa kuliko yote: asiachiwe darasa peke yake. Hapa ndipo shule nyingi hukosea. Mgeni anafika Jumatatu, Jumanne anakabidhiwa Kidato cha Kwanza chenye watoto tisini, na mwalimu wa somo anahesabu amepata nafuu. Mgeni anaongea dakika arobaini, anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia "yes!" Mwalimu yeyote wa hapa anajua hiyo "yes" ni adabu tu. Mgeni hajui, anatoka akifurahi kuwa kipindi kimekwenda vizuri.

Tena aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hulisikia kosa bila kujua limetokea wapi. Mtoto akisema "I have hungry", mgeni atamsahihisha mara kumi. Mwalimu wetu anajua hiyo ni "nina njaa" iliyovalishwa suti. Mtoto anachanganya "he" na "she" kwa sababu kwetu yeye ni yeye, awe baba awe mama. "Borrow" na "lend" zote kwetu ni kuazima. Hata matamshi: aliyezoea kusema "selasini" atasema "sink" akikusudia "think". Mrudishe kwanza kwenye thelathini na thamani, ulimi uguse meno, ndipo umpe neno la Kiingereza. Dawa hiyo anayo mwalimu wa hapa. Mgeni analeta kingine ambacho shule haina: mtu ambaye mtoto hawezi kumkimbilia kwa Kiswahili akikwama.

Basi wapange hivi. Katika kipindi pacha cha dakika 80, mwalimu wa somo afundishe sarufi dakika 40 za kwanza, mgeni akiwa amekaa nyuma anasikiliza. Dakika 40 zilizobaki darasa lifanye zoezi la maandishi, na mgeni achukue watoto kumi na watano chini ya mti, dakika ishirini, kisha wengine kumi na watano. Darasa la tisini linamalizika ndani ya vipindi pacha vitatu. Pale chini ya mti hakuna daftari: ndoo, sufuria, kishada cha zabibu, na maswali ya kuulizana wawili wawili. Wakizidi ishirini, wanaosema ni walewale watano wa mbele.

Wakati mzuri ni Januari. Kidato cha Kwanza wametoka kwenye miaka saba ya masomo kwa Kiswahili, ghafla Biolojia na Jiografia zinakuja kwa Kiingereza, na hapo msaada wa kuzungumza unaonekana haraka. Julai inafaa pia. Juni na Desemba shule ziko likizo, ingawa wapo mawakala wanaoleta watu miezi hiyo hiyo kwa kuwa vyuo vya kwao vimefungwa. Oktoba na Novemba nazo ni za mitihani. Mgeni atabaki kusahihisha daftari.

Vibali msifanyie mzaha. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Wa kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C kutoka Uhamiaji. Kwa shule ya serikali dai pia barua iliyopitia ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri na afisa elimu, pamoja na cheti cha polisi cha nchi yake kuhusu rekodi ya makosa. Wakala akisema "tutamaliza akishafika", hapo ndipo pa kukata simu.

Ratiba mfafanulie kwa mkono wako. "Saa 2:00" ya ubaoni yeye anaisoma saa nane mchana, na atakuja saa nane mchana kweli. Mwambie mapema pia kwamba maji ya mgao yapo, kwamba Julai usiku kuna baridi na upepo wa vumbi hivyo abebe sweta, na kwamba akikaribishwa ugali wa uwele na mlenda, kuonja kidogo kunatosha.

Kuhusu fedha, alama zinashuka. Kijana hulipa wakala ada, na mara nyingi shule haioni hata boksi la chaki. Omba mchanganuo kwa maandishi: kiasi gani ni cha familia inayompa chumba, usafiri, ofisi, na shule. Anayekataa kuutoa amekwisha kujibu.

Mgeni akiuliza alete zawadi gani, wengi hujaza sanduku hadithi za theluji na majumba ya kifalme, zikaishia kabatini. Mwombe anunue hapa hapa mjini: rimu za karatasi, wino wa printa, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu, ili watoto wanne wanaogombania kitabu kimoja wawe wawili.