Niliandikiwa 3.73, nikafungiwa 4.10: uzoefu wangu na gereji moja ya difu

Gereji yenyewe siitaji jina, maana hela za mawakili sina. Wenye magari ya zamani pande hizi za Dallas huenda wataijua: wanafunga difu, hawagusi kingine, na kaunta yao ina kioo kizito kama ya benki.

Gari ni Chevrolet Nova ya 1970, V8, giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Mengine kaangalieni wenyewe. Nilichotaka ni kitu kimoja tu. Difu lililokuja nalo lilikuwa la 3.08, yaani propela shafti inazunguka mara 3.08 tairi ikizunguka mara moja (namba ikipanda, gari linaondoka kwa nguvu zaidi ila injini inazunguka zaidi), tamu kwenye barabara kuu, lakini kwenye uwanja wa mbio za drag taa ikiwaka kijani gari linaondoka kivivu mpaka unaona haya. Nikaagiza krauni na piniyoni (meno ya ndani ya difu) za 3.73, pamoja na difu la kuendesha tairi zote mbili za nyuma. Hiyo 3.73 sikuiokota njiani. Mimi sina trela, wala pikapu ya kuivuta. Nova hiyohiyo ndiyo inayonipeleka Texas Motorplex, uwanja wa mbio kule Ennis, ikimbie robo maili yake, na ndiyo inayonirudisha nyumbani usiku kwa barabara kuu ya I-45. Gari la namna hii kila kitu chake ni mapatano, sekunde chache za uwanjani upande mmoja na safari nzima ya barabarani upande wa pili.

Jamaa wa kaunta alinisikiliza, akaandika. Nikamuuliza kama naweza kukaa na fundi akifunga. Akacheka. Bima hairuhusu mteja kuvuka mstari wa manjano. Haya. Kwetu Mombasa gari likiingia gereji na mwenyewe umeingia; unavutiwa kigoda, chai inaletwa, fundi akikwama mnakwama wote, na spea iliyotolewa unaondoka nayo hata ikiwa vipande viwili, maana ni mali yako. Hapa unakalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni isiyo na sauti.

Siku ya kulichukua nikalipa, zaidi ya dola elfu moja, nikashika I-45. Mshale wa spidi umefika 85 na malori bado yananipita, mengine yananipigia honi. Injini inalia hadi redio siisikii. Magari haya waya wa saa ya spidi huchukua mzunguko nyuma ya giaboksi, kabla ya difu, kwa hiyo ukibadilisha meno ya difu bila kubadilisha kile kigia kidogo kinachouzungusha, saa inadanganya. Kigia hawakukigusa, hilo lilikuwa wazi. Lakini kwa 3.73 uongo usingekuwa mkubwa kiasi kile. Nilipofika nikanyanyua nyuma, nikapiga chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti, nikazungusha tairi mara moja kamili. Shafti ikazunguka mara nne na kidogo juu. Nne na kidogo si tatu na robo tatu, hata uhesabu usiku. Ni 4.10.

Kwa tairi zangu, mwendo wa maili 65 kwa saa zamani injini iliupata kwenye mizunguko kama 2,600 kwa dakika. Sasa inadai karibu 3,450, na hakuna gia ya nne ya kuipumzisha.

Nikarudi. Jamaa ni yuleyule. Hakukana! Laiti angekana ningemwelewa. Akanijibu neno moja moja, sauti juu kidogo, jinsi wanavyotusemesha wakishasikia lafudhi: umesema drag, rafiki, na drag ni 4.10; ukitaka gari la kwendea sokoni, nunua Toyota. Nikamwekea karatasi mbele yake, mwandiko wake mwenyewe, 3.73. Akasema fundi aliona hii itanifaa zaidi. Fundi aliona! Nikamwambia basi, nipe krauni na piniyoni yangu ya zamani, mengine nitajua mwenyewe. Zimeshakwenda na vyuma chakavu. Meno yaliyotoka kiwandani na gari, miaka yote hiyo hayana hata mkwaruzo, yametupwa bila mwenyewe kuulizwa. Wallahi hapo ndipo nilipoutazama ule mstari wa manjano mara mbili. Ya 4.10 mtu anaweza kuisamehe. Ya kutupiwa mali yangu, hapana.

Sasa linaloniudhi zaidi ni hili. Nilikwenda Ennis hivyohivyo, na hasira zangu. Njia ile ni saruji mwanzo hadi mwisho wa robo maili, na pale mwanzoni inanata chini ya kiatu. Taa tatu za njano, nusu sekunde kati ya moja na nyingine, kijani, nikaachia breki. Gari likaruka. Sikujua Nova ile ina tabia hiyo. Karatasi zangu za nyuma, zile za muda unazopewa uwanjani, zilikuwa za sekunde 14 na nusu. Hii ikasoma 13.94, na sehemu kubwa ya faida imepatikana kwenye futi 60 za kwanza. Mzee mmoja wa uwanja akanijia dirishani: umeshuka chini ya 14, bila helmeti hupiti tena. Nikacheka peke yangu garini. Na haki isemwe, kazi ya mikono ni safi. Nilifungua kifuniko, nikapaka rangi kwenye meno. Yanaumana katikati kabisa, na difu halilii ukikanyaga wala ukiachia. Fundi yule niliyekatazwa kumwona anaijua kazi yake. Kama lako ni gari la mbio tupu, linapanda trela kwenda na kurudi, wapelekee. Nasema kweli.

Halafu nikapanda I-45 kurudi, saa nne usiku, madirisha yamefungwa na bado siwezi kuongea na mke wangu kwenye simu. Nikaanza kuwatukana upya kabla sijafika Dallas.

Niliwapa nyota mbili, moja ya fundi na moja ya 13.94. Juzi nimeishusha ikabaki moja. Wamenitumia ujumbe kwamba wako tayari kunifungia 3.73, kwa punguzo la asilimia 10. Inayobaki nilipe mimi.