Saiba ya Malindi kwa waliosomea nyumbani: makini, ila ulizia maabara

Saiba hii (duka la huduma za intaneti) ya mjini Malindi inajua kazi yake. Kabla hawajagusa tovuti ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kumsajili mtahiniwa wa kibinafsi (asiyesajiliwa na shule) wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hulinganisha majina ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, herufi kwa herufi. Hapo ndipo wengi hukwama: Mohamed huku, Muhammad kule, na baadaye chuoni ni hangaiko tupu. Kasoro ni moja, tena kubwa: hawakumbushi mtu habari ya maabara. Karatasi ya tatu ya Kemia, Biolojia na Fizikia ni ya vitendo, na nyumbani hakuna vifaa vya maabara kama bureti, mrija wa kupimia vimiminika. Tafuta kwanza shule itakayokuruhusu kufanya mazoezi, ndipo ulipe ada. Masomo unayosajili yasipungue 7. Shahada kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, yataka wastani wa C+.